Gari Yangu Hulia Ikija Kwako Tu

Majengo, Nyeri
Alhamisi, baada ya chakula

Kwa Mzee Mburugu, Baba Kananu,
Nkubu, ile nyumba ya geti ya buluu juu ya lami

Ndio Mzee, inalia. Sikatai. Uliniuliza mbele ya watu na mimi sikujibu, kwa sababu mdomo ilikuwa imejaa mukimo ya mke wako Mama Karwitha, na huku kwetu mtu akijibu wakwe na chakula mdomoni anahesabiwa pamoja na mbuzi. Sasa nimemeza. Najibu nikiwa nimekaa vizuri, nimevua kofia, na kalamu nimenunua mpya kwa sababu yako.

Swali yako naikumbuka yote. Ulisema, "Kijana, gari inalia namna hii na wewe umeongeza redio. Siku Kananu atalia, utaongeza redio pia?" Watu walicheka. Hata mjomba wangu Kingori, ambaye nilimbeba kutoka Nyeri akuje anitetee, alicheka mpaka kofia ikaanguka kwa uji. Halafu ukasema mambo ya kuoa Kananu yasimame, na kwamba unanipatia Jumamosi moja tu, ya mwisho. Nikija na hiyo kelele tena nisijisumbue kushuka. Ati yuko kijana anaitwa Mutuma, anauza dawa ya ng'ombe hapo Nkubu, na gari yake inapita kama paka.

Mzee, hiyo Jumamosi ni kesho kutwa. Ndiyo maana naandika. Mimi ni mtu unaweza kuuliza Nyeri yote. Nauza vile vifuniko vya manyoya vya dashibodi, nashona mwenyewe, rangi zote. Pia mimi ni broka wa ploti, wa mbuzi, na wa kitu yoyote ambayo mwenyewe amechoka nayo. Shule niliachia darasa la sita, lakini malalamiko najua kuyapanga. Yako hapa chini, na namba, ili ukijibu usiruke yoyote.

1. Ulinihukumu na masikio kabla macho hayajafika. Gari ilikuwa bado huko chini kwa daraja, na wewe ulikuwa umeshasimama kwa geti umeshika kiuno. Kelele ilikuweko, sisemi haikuweko. Kuna mama wa hapo kwenu alitoka mbio mpaka kando ya lami na debe ya mahindi kichwani, akidhani ile posho mill ya kusaga mahindi iliharibika imerudi. Alipoona ni wageni alikasirika sana. Mimi nilimpungia mkono.

Lakini tangu lini mwanaume anapimwa kwa kelele ya gari? Huko Gakindu, mahali mama yangu anakaa, kuna mzee gari yake haitoi sauti hata kidogo, kwa sababu haina injini. Kuku wanalala ndani. Na sijasikia baba yeyote amepeleka binti yake huko kwa sababu ya hiyo utulivu.

Na redio, Mzee, niliongeza kwa ajili ya mama. Mama yangu Wakonyo unamjua, ni yule alikuja amekaa mbele na kiondo, kile kikapu cha kamba ndefu. Kiondo ya wakwe ina sheria zake kwetu. Haiwekwi chini, kwa sababu huwezi kupelekea watu nduma na avokado ambazo zimepitiwa na viatu. Haiwekwi kwa buti ikae na jeki na spea kama mwizi. Inakaa mbele, inaona barabara. Kwa hivyo mama huzungusha kamba yake kwa shingo ya gia, kiondo inakaa katikati yetu kama mtoto wa mwisho, na anaishikilia na mkono mpaka Nkubu. Sasa mama mwenye kiondo akisikia injini inalia namna hiyo anaanza kusema sala za watu wanakufa. Mimi nikaona heri asikie nyimbo. Hiyo ni makosa? Hiyo ni huduma.

2. Unasema sijali. Mzee, hii gari nimeipeleka kwa mafundi mpaka wananiita kwa jina la utani, na silitaji hapa kwa sababu Mama Karwitha anaweza kusoma.

Baada ya safari ya kwanza nilianza na Wamae, fundi wa hapa nyuma ya msikiti. Hii ni gari ya otomatiki, gia zinajibadilisha zenyewe, kwa hivyo jambo ya kwanza aliangalia ni oili ya giaboksi. Alichomoa kijiti, akapangusa, akarudisha, akachomoa tena, akanusa kama mtu ananunua samaki. Oili ni nyekundu, imefika kwa mstari, hainuki kuungua. Akaniambia giaboksi ikianza kufa inanuka, na hii inanuka vizuri kuliko mimi.

Tukaingia barabara kubwa, tukashuka nayo mpaka Kenol ili asikie hiyo kilio. Hapo ndipo uchungu iko. Mzee, hiyo gari ilienda kama malaika! Mwendo ni tisini, sindano ya kuhesabu mizunguko ya injini imelala kwa mbili, ndani kimya mpaka nasikia Wamae akitafuna njugu. Tukafika Kenol, tukala, tukarudi. Malaika. Nikamwapia kwamba ikienda Nkubu inalia. Wamae akaniangalia na huruma akasema, "Wahome, anayelia ni wewe. Gari iko sawa. Huyo msichana amekuingia."

Sikukata tamaa. Nikaenda kwa fundi wa kompyuta, Karatina. Huyo alichomeka waya chini ya usukani, kompyuta ikafikiria, ikafikiria tena, ikaandika hakuna shida. Mimi na darasa la sita yangu hiyo ningeiandika bure. Nikamwambia atafute tu, hawezi kukosa. Akapima magurudumu, kwa sababu ati gurudumu ikiwa ndogo injini inazunguka sana kuliko inavyotakiwa, kama mtoto anatembea na baba yake. Magurudumu ni ya saizi yake. Akafikiria thamostati. Hiyo ni kitu ndogo ya kuchunga joto ya injini. Ikiharibika injini inabaki baridi, na giaboksi inakataa kuingia gia ya mwisho vile mtoto anakataa kuoga asubuhi. Nikaruka juu. Timau si ni baridi? Si tunapita Timau tukija kwako? Nikaona jibu ndio hilo! Tukabadilisha, tukajaribu mpaka Kenol.

Malaika.

3. Basi tukaja kwako mara ya pili na thamostati mpya na roho safi. Mama, mjomba Kingori, kiondo, mimi. Hatujafika hata Naro Moru, mahali barabara imenyooka na hakuna mlima wa kusingizia, sindano ikapanda, ikapita tatu, ikaanza kuangalia nne. Mwendo ni ile ile tisini! Nikaachilia mguu kidogo. Nikakanyaga kidogo. Nikaiongelesha kwa sauti ya chini. Ikakataa gia ya mwisho katakata. Mjomba akasema ni hewa, ati tumekaribia mlima na hata watu wa hapo hupumua haraka haraka. Mama akaanza zile sala. Mimi unajua nilifanya nini, nikaongeza redio.

Sasa Mzee, naomba tufikirie pamoja kama watu wazima. Hii gari ikienda Kenol, kimya. Ikienda Kenol na magunia ya viazi, kimya. Ikienda Othaya kwa mazishi, imejaza watu mpaka mmoja amekalia mwingine na hawajuani, kimya. Ikija kwako, posho mill. Ukiwa na punda ambaye anaenda sokoni vizuri, anaenda mtoni vizuri, lakini ukimwelekeza boma ya jirani mmoja anapiga kelele mpaka watu wanatoka nje, utapeleka punda kwa daktari ama utaenda uulize huyo jirani amemfanyia nini?

Naacha hapo. Wewe ni mtu wa akili.

4. Lakini siachi, kwa sababu hii ya nne ndiyo ilininyima usingizi. Tukitoka kwako gari hailii! Tumekula, tumeaga, kiondo tumeacha na Mama Karwitha kama desturi, gari inarudi Nyeri imetulia kama mtu ametoka kuungama. Barabara ni ile ile. Mlima ni ule ule. Mama ni yule yule, ila sasa amelala. Hata mjomba na kilo zake bado yumo. Kwenda inalia, kurudi inanyamaza.

Mjomba Kingori alikuwa na maneno kuhusu hii jambo. Nilimkataza asiseme kitu kama hicho juu ya mzee wa kanisa kama wewe. Halafu nikamwambia aseme tena, polepole, nisikie vizuri. Sitayaandika. Mimi nasema hivi tu: kuna kitu hapo kwako inasukuma gari yangu. Ikikuja inaizuia, ikienda inaisaidia. Na kama ni maombi, Mzee, basi unaomba kwa nguvu sana, na ninakuomba kwa heshima upunguze kidogo.

5. Huyu Mutuma. Sina wivu, ujue hivyo. Lakini unasema gari yake inapita kama paka, na mimi nauliza, ile kuku ya madoadoa ya Mama Karwitha ilikufa namna gani? Si ilikanyagwa na hiyo paka? Kananu aliniambia. Kuku ilikuwa inakula barabarani bila wasiwasi, ikakufa bila kujua imekufa. Haikusikia kitu. Gari yangu mimi, kuku wa Nkubu wanaisikia wakiwa bado wanakula, wanamaliza, wanapangusa mdomo, wanaingia ndani. Watoto pia. Hata ng'ombe. Tangu nianze kumtafuta Kananu hakuna kitu imekufa kwa hiyo barabara wakati mimi napita. Mkwe wa kelele ni usalama wa kijiji, Mzee. Mkwe kimya atakumalizia mifugo.

Tena fikiria usiku wa uzeeni. Mkwe wa gari kimya anaweza kuja kwako ghafla akukute na shati ya ndani. Mimi ukinisikia Timau una wakati wa kuoga.

6. Kwa hivyo, baada ya kuchunguza mambo yote na mafundi wawili, mjomba mmoja, na kompyuta, nimeona kwamba gari haina makosa, na mimi sina makosa. Makosa iko kwa upande ambayo umejenga. Naleta maombi matatu. Chagua moja, sitaki kukusumbua.

Ombi la kwanza, uhamie Kenol. Usishtuke. Ni pazuri, watu wanapita mchana na usiku, hutawahi kukosa habari. Kuna ploti ya kona naijua, mwenyewe ni rafiki yangu, na wewe kama baba ya Kananu nitakutafutia bila kula chochote katikati, kitu ambayo sijawahi kufanyia binadamu. Kahawa yako unaweza kuja kuitembelea. Nikija kukuona Kenol, gari itakuwa malaika, utatoka kwa geti hujui hata nimefika, nitakuwa nimeshaingia jikoni.

Ombi la pili, kama Kenol ni mbali, tufanye mazungumzo ya Kananu katikati, kwa ile uwanja wa ngano kabla ya Timau. Wazee wako watoke huko, wazee wangu watoke huku, hapo hakuna geti ya mtu na hakuna maombi ya mtu. Nitaleta viti.

Ombi la tatu nimelifikiria sana, na nikicheka naomba unisamehe. Kwa kuwa gari ikitoka kwako inanyamaza, basi mimi Jumamosi nije na rivasi. Kutoka Kiganjo mpaka geti yako, kinyumenyume, ili gari iamini kwamba inarudi nyumbani. Nimejaribu hapa uwanjani Majengo, kutoka kwa kinyozi mpaka kwa muuza mandazi, na haikulia. Shingo inauma kidogo tu. Wasichana wa hapa walinishangilia. Mjomba Kingori amekataa kupanda, lakini mama amesema kama ni kwa sababu ya kupata mjukuu atakuja hata akiangalia upande gani.

Mzee, nimefanya utani, lakini mwenyewe unajua mahali pananiuma. Namtaka Kananu. Sijawahi kutaka kitu yoyote bila kufikiria nitaiuzia nani. Huyu namtaka nikae naye. Ukifunga geti kwa sababu ya sauti ya injini, nitakuwa mwanaume wa kwanza katika hii milima kunyimwa bibi na giaboksi.

Nafunga barua kwa heshima, nikiwa mkwe wako ambaye bado hajafika. Nisalimie Mama Karwitha, mwambie mukimo ile ilikuwa na makosa moja tu, iliisha. Salimia wazee wote ambao walinicheka, nawajua kwa sura. Salimia yule mama wa debe ya mahindi, mwambie nitambebea siku moja mpaka posho mill ya kweli. Salimia kuku waliobaki. Na Mutuma, ukimuona, msalimie pia, kwa sauti, maana amezoea kimya.

Ni mimi,
Wahome wa Wakonyo,
Majengo, Nyeri.
(Vifuniko vya dashibodi, ploti, mbuzi, na mengine.)


Nyongeza, Ijumaa mchana.

Mzee, ukifika hapa sahau yote uliyosoma kuanzia namba moja. Ningerarua barua, lakini nimeandika vizuri sana, na ile ya kuku naipenda.

Leo asubuhi nilikuwa nampeleka mama Kenol. Dada yangu Watiri aliolewa huko, na sasa amezaa, kwa hivyo mama alikuwa anapelekea wale wakwe kiondo. Kananu alikuwa na siku ya kupumzika kwa ile duka ya dawa anafanya kazi hapa Nyeri, akapanda nyuma, tukaenda naye. Kenol, Mzee! Barabara ya malaika! Nilikuwa nimeshamwambia Kananu asikilize vile gari yangu inatulia ikiwa haielekei kwao.

Tumepita tu Sagana, mwendo tisini, gari ikaanza kulia. Sindano ikapita tatu.

Niliangalia mbele, ni Kenol. Nikaangalia kwa kioo, Nkubu haiko. Nikasema, ala, kumbe hii gari inachukia wakwe wote wa dunia! Nikaanza kupanga kichwani barua ya wale wa Kenol, namba moja mpaka sita. Mkono wangu ukaenda kwa redio. Kananu akasema kutoka nyuma, "Ukigusa hiyo redio nashuka hapa hapa."

Nikarudisha mkono. Na Mzee, leo ndiyo mara ya kwanza sisi watu wa hiyo gari tulinyamaza tukaisikiliza.

Avokado zilikuwa zinaruka ruka kwa kiondo. Kananu akanyoosha mkono azibebe. Mama akamwambia, "Wachana nayo, kiondo ya wakwe haishikwi na msichana hajaolewa kwetu." Kananu akasema, "Basi nioeni haraka, mama, hizi zinapondeka." Akavuta. Kamba ikajisokota kwa shingo ya gia, ikatoka, na gari ikashusha pumzi. Puuu! Sindano ikarudi ikalala kwa mbili. Nilisikia magurudumu. Nilisikia mama akimeza mate.

Mama akasema, "Umeifanya nini?" Kananu akarudisha kiondo, akazungusha kamba vile mama huzungusha. Gari ikalia. Akatoa. Ikanyamaza. Tukasimama kando ya barabara, watu watatu wazima, tunacheka mpaka dereva wa lori akasimama akauliza kama tumeumia.

Iko hivi. Kwa kichwa ya gia, upande wangu, kuna kitufe ndogo ya kufinya. Sijawahi kuifinya, nilidhani ni urembo. Ukiifinya, gari inakatazwa kuingia gia ya mwisho, ile ya safari ndefu. Inabaki ya tatu, kama mtu ameambiwa akimbie na hatua fupi. Mama akizungusha kamba, fundo yake inakaa juu ya kitufe kabisa, na barabara ikiruka kidogo, kiondo nzito inaifinya. Kamba ikitoka kitufe inajirudisha yenyewe, kwa hivyo mafundi hawakuona kitu. Na nani anapeleka kiondo ya wakwe gereji? Kwako gari ilikuja na kiondo, ikarudi bila kiondo. Nguvu ya maombi yako ilikuwa nduma za mama yangu.

Sasa ile inaniuma. Kananu alitoka nyuma akaja mbele, akainua manyoya ya dashibodi. Manyoya yangu, Mzee, ya zambarau, nimeshona mwenyewe, nimeyasifu kutoka hapa mpaka Kenol. Chini yake, pale pembeni, kulikuwa na taa ndogo ya manjano inawaka. Kamba ikikaa, inawaka. Kamba ikitoka, inazima. Hiyo taa iliwaka safari zote mbili za kuja kwako. Ilikuwa inaniambia, na mimi nimeifunika na bidhaa yangu mwenyewe halafu nikaongeza redio.

Kananu aliiangalia, akaniangalia. Akasema, "Baba alisema husikii. Kumbe hata kuona umefunika."

Na safari hii mdomo haikuwa na mukimo ya kusingizia.

Mzee, swali yako ilikuwa ya haki. Kwa hivyo naleta dili, na nikisema dili si ya ploti. Kananu anakuja huko leo jioni na hii barua. Kesho mimi nakuja, si na rivasi. Manyoya nimeng'oa. Redio nimeitoa yote, iko hapa mezani inaniangalia. Kiondo mama ataibeba kwa mapaja, amekubali baada ya maneno mengi. Nikifika kwa geti usinikaribishe. Panda mbele wewe mwenyewe, tuende lami mpaka Timau na kurudi, na wewe ndiye utasikiliza, si mimi. Gari ikilia hata kidogo, ama ukiona taa inawaka na mimi sijaiona kabla yako, nikuache nyumbani kwako, nirudi Nyeri, na Mutuma aendelee na upaka wake. Ikinyamaza, tukae chini tuanze hadithi ya mbuzi wa mahari.

Na kwa vyovyote vile, nimekushonea kifuniko ya dashibodi, rangi ya buluu kama geti, na mahali pa taa nimetoboa tundu.

Ukikubali usijisumbue kuandika. Acha tu geti wazi. Nikikuta imefungwa nitaelewa, nitapita polepole, gia ya mwisho, na hutasikia kitu.